Kustaafu mapema michezoni: Wanaokataa mamilioni na wanaong'atuka mikono mitupu

NGOMA ivumayo haidumu, walinena wahenga, na hakuna mahali methali hii huthibitika upesi kama katika michezo. Mwanasoka, bondia au mwanariadha hufikia kilele chake katika umri ambao mwalimu au daktari ndipo anapoanza kuizoea kazi yake. Afikishapo miaka 35, aghalabu huwa amekwisha kutundika njumu. Hata hivyo, wapo wachache wasiongoja ngoma ipasuke. Hao huamua kuondoka wakiwa bado wanahitajika, na klabu ikiwa tayari kuwalipa.

Katika mtaa wa Kondele mjini Kisumu, habari za watu kama hao huenda zikasikika kama hekaya. Hapa, penye makutano ya barabara ya Kakamega na ile ya Kibos, kijana anayesajiliwa na klabu ya ligi kuu huwa tegemeo la jamaa nzima. Karo ya wadogo zake, kodi ya nyumba kule Manyatta na dawa za nyanya yake kijijini, yote humwangukia yeye. Kumwambia kwamba kuna mchezaji aliyekataa dola milioni 12 zilizokuwa tayari zake kwa mujibu wa mkataba ni kumpa kitendawili.

Kitendawili hicho kinastahili kuteguliwa, kwa kuwa jawabu lake linamhusu kijana huyo kuliko anavyodhani. Anayeweza kustaafu mapema kwa hiari ni yule aliyewekewa misingi ya kufanya hivyo miaka mingi kabla ya siku ya kuaga.

Aina tatu za kustaafu

Neno kustaafu hutumiwa kwa mambo yasiyofanana. Aina ya kwanza ni kustaafu kwa hiari, ambapo mchezaji angali na uwezo na ana mwajiri, lakini anachagua kuacha. Aina ya pili ni kustaafu kwa sababu ya jeraha, ambapo mwili ndio unaotoa uamuzi. Aina ya tatu, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki ingawa haitajwi sana, ni kustaafu kwa kuchoshwa na ufukara. Mchezaji wa umri wa miaka 26 au 27 huona kwamba mshahara hauji, na nauli ya kwenda mazoezini imekuwa mzigo. Basi huacha na kutafuta riziki kwenye bodaboda, mitumba au jua kali.

Aina ya kwanza na ya tatu huonekana sawa kwa mbali, maana zote mbili humtoa mchezaji uwanjani kabla ya nguvu kumwishia. Kwa hakika zimetengana kama mbingu na ardhi.

Besiboli na mikataba yake

Mifano mashuhuri zaidi ya kukataa fedha imetokea katika besiboli ya Marekani. Mchezo huu haujulikani sana kwenye ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, ila majirani zetu wa Uganda wameukumbatia. Timu ya watoto kutoka Lugazi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya ligi ya watoto kule Pennsylvania mwaka 2012. Aidha, mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda.

Kwa ufupi, mrushaji humtupia mpinzani mpira kwa kasi, naye mpinzani hujaribu kuupiga kwa gongo, karibu kama ilivyo katika kriketi. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Bega na kiwiko cha mrushaji, pamoja na magoti na kichwa cha mdakaji, ndivyo viungo vinavyoumia zaidi.

Kilicho muhimu kwa mada yetu ni namna wachezaji hao wanavyolipwa. Kwa miongo mingi klabu zilikuwa na haki ya kummiliki mchezaji mwaka baada ya mwaka. Hakuweza kuhama kwa hiari yake hata mkataba ukiisha. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis alikataa kuuzwa kwa klabu ya Philadelphia. Aliukosa msimu mzima wa 1970 na mshahara wake, akaifikisha kesi katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na akashindwa mwaka 1972. Hata hivyo mlango aliougonga haukukaa sana kabla ya kufunguka. Mnamo Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba wake yu huru kujitafutia klabu. Tangu hapo mishahara ikapanda kwa kasi.

Mambo mawili zaidi hukamilisha picha hiyo. La kwanza, mikataba ya ligi kuu ya besiboli kwa kawaida hulipwa kikamilifu hata mchezaji akiumia au kiwango chake kikishuka, mradi asiache kazi mwenyewe. La pili ni pensheni, ambayo ilianzishwa mwaka 1947. Tangu makubaliano ya 1980, mchezaji aliyehudumu siku 43 tu katika ligi kuu huwa tayari na haki ya malipo fulani ya uzeeni, na aliyehudumu miaka 10 hupata pensheni kamili. Mshahara wa chini kabisa katika ligi hiyo ulikuwa dola 760,000 mwaka 2025, yaani takriban Sh98 milioni kwa mwaka.

Waliosema imetosha

Sandy Koufax, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Dodgers, ndiye mfano wa kale unaokumbukwa zaidi. Mwaka 1966 alishinda mechi 27 na kulipwa dola 125,000, kiasi kikubwa mno kwa enzi hizo. Mnamo Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 30, alitangaza kwamba ameacha. Kiwiko chake kilikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na alikuwa akicheza kwa nguvu za sindano na dawa za maumivu. Aliona kwamba angali na miaka mingi ya kuishi baada ya besiboli, na alitaka kuiishi akiwa na matumizi kamili ya mkono wake. Mwaka 1972 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo akiwa na umri wa miaka 36.

Koufax alistaafu kabla ya enzi ya mikataba minono. Gil Meche ni wa kizazi kilichofuata. Mnamo Desemba 2006 alitia sahihi mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 55 na Kansas City Royals. Bega lilipomharibikia, alikuwa na njia rahisi: kufanyiwa upasuaji, kuketi pembeni na kupokea mshahara wa mwaka wa mwisho, takriban dola milioni 12 (zaidi ya Sh1.5 bilioni kwa viwango vya hivi majuzi). Mnamo Januari 2011 alistaafu na kuziacha fedha hizo. Alieleza kwamba hakujiona anastahili kulipwa pesa zote hizo ilhali hawezi kuifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Adam LaRoche wa Chicago White Sox aliacha dola milioni 13 mnamo Machi 2016. Sababu yake ilikuwa mwanawe wa umri wa miaka 14, ambaye uongozi wa klabu ulitaka apunguze kuandamana na babake katika chumba cha wachezaji.

Buster Posey, mdakaji wa San Francisco Giants, alikuwa ametwaa ubingwa mara tatu, mwaka 2010, 2012 na 2014. Mwaka 2021 klabu yake ilishinda mechi 107, naye alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Klabu ilikuwa na nafasi ya kumwongezea mwaka mmoja kwa dola milioni 22. Mnamo Novemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 34, aliaga. Mwili wake ulikuwa umepitia upasuaji na mitikisiko ya ubongo. Isitoshe, alikuwa na watoto wanne, wawili wao mapacha aliowalea tangu walipozaliwa kabla ya wakati mwaka 2020. Mwaka 2024 alirejea Giants, safari hii akiwa msimamizi mkuu wa shughuli za besiboli katika klabu hiyo.

Si kila anayeaga huenda moja kwa moja. Ryne Sandberg wa Chicago Cubs alistaafu mnamo Juni 1994 na kupoteza zaidi ya dola milioni 15, kisha akarejea mwaka 1996 na kucheza misimu miwili zaidi.

Sababu zinazowasukuma

Ukilinganisha visa hivi, sababu nne hujirudia. Ya kwanza ni mwili. Mchezaji hupima maumivu ya leo dhidi ya miaka 40 ijayo. Ya pili ni familia, kwa kuwa msimu wa besiboli una mechi 162 na nusu yake huchezwa ugenini. Ya tatu ni heshima, kama ilivyokuwa kwa Meche. Ya nne ni kuwa na jambo jingine la kufanya, kwa mfano biashara, ukufunzi au uongozi.

Kuna ya tano ambayo wahusika hawaitaji kwa sababu kwao ni kama hewa, nayo ni akiba. Meche alipoziacha dola milioni 12 alikuwa amekwisha kulipwa sehemu kubwa ya zile milioni 55. Posey alikuwa amechezea ligi kuu misimu 12. Uamuzi wao ulikuwa wa kiungwana, na hakuna haja ya kuupuuza, lakini ulifanywa na watu ambao kesho yao ilikuwa imekwisha kulipiwa. Tumbo likiwa limeshiba, dhamiri hupata nafasi ya kusema.

Afrika Mashariki: waliokataa na waliochelewa

Je, huku kwetu hakuna aliyewahi kuzipa fedha kisogo? Wapo. Mwaka 2003, Dennis Oliech, kijana wa umri wa miaka 18 aliyelelewa na klabu ya Mathare United, alijiunga na Al-Arabi ya Qatar. Mwaka huohuo Mkenya Stephen Cherono alikuwa amechukua uraia wa Qatar, na kwa jina la Saif Saaeed Shaheen akaishindia nchi hiyo dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji kule Paris. Oliech naye alishawishiwa kwa fedha nyingi abadilishe uraia, akakataa. Mnamo Februari 2004 alifunga bao Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia, kisha akaenda kucheza Ufaransa katika klabu za Nantes, Auxerre na Ajaccio. Hakustaafu, bali alikataa mapato kwa ajili ya jambo aliloliona kubwa kuliko mapato. Kwa hiyo si kweli kwamba umaskini humnyima mtu uwezo wa kukataa. Humpandishia tu gharama yake.

Upande wa pili wa shilingi ni Robert Wangila. Mwaka 1988 alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul, na hadi leo ndiye bondia pekee wa Kenya aliyewahi kufanya hivyo. Aligeukia ndondi za kulipwa na kuhamia Marekani. Mnamo Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, refa alilisimamisha pigano lake dhidi ya David Gonzales. Wangila alilalamikia uamuzi huo, akatembea hadi chumba cha kubadilishia mavazi, na huko akazirai. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na umri wa miaka 26. Kisa chake huwakumbusha wapenzi wa michezo kwamba kuchelewa kuondoka kunaweza kugharimu zaidi ya fedha.

Kisumu na malipo ya kampuni

Zamani, ufuo wa ziwa ulikuwa na jawabu lake kwa swali la maisha baada ya uwanja. Soka ya Kenya haikuwa ya kulipwa kikamilifu wakati Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968, iliponyakua Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Lakini kulikuwa na timu za mashirika na kampuni: Kenya Breweries, Reli, Bandari, KCB, na Posta, ambayo ilikuwa na timu hapa Kisumu. Mchezaji wa timu kama hizo aliajiriwa kwanza na kucheza baadaye. Goti lilipomsaliti akiwa na miaka 29, alirudi ofisini, bohari au garini, na jina lake likabaki katika orodha ya mishahara hadi alipofikia umri wa pensheni.

Mashirika mengi yalipopunguza wafanyakazi au kubinafsishwa kuanzia miaka ya 1990, mfumo huo ulififia. Umesalia katika vikosi vya usalama na mashirika machache. Ulinzi Stars, timu ya jeshi, ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Kenya Police ilifanya hivyo katika msimu wa 2024/25. Katika voliboli na ndondi, Magereza na Polisi wamewaajiri wanamichezo kwa miaka mingi. Si ajabu basi kwamba mzazi wa Kondele humshauri mwanawe achague sare ya kazi kuliko klabu yenye mashabiki wengi. Mzazi huyo hajasoma habari za pensheni ya siku 43, lakini amelielewa jambo lilelile.

Klabu za jamii, ambazo ndizo hupendwa zaidi, hutegemea wadhamini. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake kwa ligi kuu, Gor Mahia na AFC Leopards, wachezaji walikaa miezi bila mishahara na wengine wakaondoka. Uwanja mpya wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, kilomita chache kutoka Kondele, ulikuwa mwenyeji wa sherehe za Madaraka mnamo Juni 1, 2021. Majengo ni jambo jema, ila nyasi nzuri hazimlipii kipa kodi ya nyumba.

Haki zilizopo

Mchezaji wa Kenya hana pensheni kama ya besiboli, lakini pia si kweli kwamba hana kinga yoyote. Hapa chini ni mambo ambayo yeye na wazazi wake wanafaa kuyajua kabla ya sahihi kutiwa.

Kwanza, kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mwanasoka wa kulipwa hauwezi kuzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya umri wa miaka 18 hauwezi kuzidi mitatu. Mkataba usioandikwa, au ambao mchezaji hakupewa nakala yake, ni kama uji kwenye kikapu.

Pili, tangu mwaka 2018 kanuni hizo zimeeleza kwamba klabu ikishindwa kumlipa mchezaji angalau mishahara miwili ya kila mwezi kwa wakati wake, anaweza kuiandikia na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe deni. Isipolipa, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Wengi huondoka kimya kimya bila kuandika barua hiyo, na kwa kufanya hivyo hudhoofisha dai lao wenyewe.

Tatu, mchezaji aliyeajiriwa ni mfanyakazi. Chini ya sheria ya mwaka 2013 ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambayo viwango vyake vilianza kutekelezwa mwaka 2023, mwajiri na mwajiriwa kila mmoja huchangia asilimia 6 ya mshahara kwa mujibu wa viwango vilivyowekwa. Kasoro ni kwamba hazina hiyo iliundwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi hadi uzeeni. Anayetundika njumu akiwa na miaka 31 hana budi kungoja takriban miongo miwili au zaidi kabla ya kuonja malipo yake ya uzeeni. Kwa sababu hiyo, akiba ya hiari katika chama cha ushirika kinachoaminika ni muhimu mno wakati angali analipwa.

Nne, upo muungano wa kutetea maslahi ya wanasoka, KEFWA, ambao ni mwanachama wa muungano wa wanasoka duniani, FIFPRO. Mchezaji mmoja akidai mshahara peke yake huitwa mkorofi, lakini mia moja wakidai kwa pamoja hupatiwa kikao. Wachezaji wa besiboli hawakupewa pensheni na mikataba yao kwa hisani. Waliipata kwa muungano, migomo na kesi, na wengine kama Flood hawakuyaona matunda wakiwa uwanjani.

Tano, masomo au ufundi. Koufax na Posey waliaga wakijua kwamba maisha yana sura nyingine. Kijana anayeacha shule ya upili kwa ajili ya soka hufunga mlango huo kabla ya kujua kama atauhitaji, na ni wachache mno wasiouhitaji.

Mizani ya uamuzi

Mjadala wa kustaafu mapema huelekea kuishia katika sifa au lawama: huyu ni shujaa aliyeshinda tamaa, yule ni mjinga aliyetupa bahati. Mizani ya haki zaidi ni kuuliza kama mhusika alikuwa na nafasi ya kuchagua. Mrushaji wa Kansas City alikuwa nayo, na aliitumia kwa heshima. Beki wa Kondele anayeacha soka akiwa na miaka 26 kwa sababu hajalipwa tangu Krismasi hakuchagua chochote, na kumwita mstaafu ni kuipamba dhuluma kwa jina zuri.

Siku atakapoweza kusimama mbele ya klabu yake, akiwa amelipwa hadi shilingi ya mwisho, na kusema kwamba imetosha, ndipo tutakapoweza kusema kuwa soka ya kulipwa imefika Kisumu. Hadi wakati huo, kijana anayeitwa kutia sahihi wiki hii na aombe nakala ya mkataba, aihifadhi, na aulize ni nani atakayewasilisha mchango wake wa NSSF.